Kadi ya Kliniki na Miezi Mitatu ya Mwanzo

Nchini Tanzania karibu kila mjamzito hufika kliniki, lakini wengi hufika mimba ikiwa imekwisha kukua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 98 kati ya kila 100 waliojifungua walikuwa wamehudumiwa na mtaalamu wa afya angalau mara moja wakati wa ujauzito, ilhali walioanza kabla ya mwezi wa nne walikuwa takriban robo tu. Wanawake hao wanaijua njia ya kliniki, na kwa hiyo kuchelewa kwao hakuwezi kuitwa ujinga.

Sababu iliyo nzito zaidi ni maana ambayo kliniki imepewa. Kwa akina mama wengi hudhurio la kwanza ni la kupata kadi, yaani kumbukumbu ya maendeleo ya mimba ambayo mkunga huiulizia siku ya kujifungua, na asiyekuwa nayo huogopa kukaripiwa mbele za watu. Kadi ikipatikana hata mwezi wa sita, haja imekwisha, na kuanza mapema huonekana ni kujiongezea nauli na foleni bure, hasa kwa mama aliyekwisha kuzaa salama mara tatu au nne na ambaye hajisikii mgonjwa.

Kinachopotea, hata hivyo, ni kinga ambayo haina dalili. Kaswende ya mama, ambayo hutibiwa kwa sindano ya penisilini, isipogunduliwa mapema inaweza kumwua mtoto tumboni. Upungufu wa damu huhitaji miezi ya vidonge vya madini ya chuma ili urekebike. Nayo dawa ya SP ya kuzuia malaria hutolewa kuanzia wiki ya 13, kwa vipindi visivyopungua mwezi mmoja, hivi kwamba anayeanza mwezi wa saba hukosa dozi kadhaa. Ndiyo maana mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mahudhurio manane, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo.

Wapo pia wanaochelewa kwa kuficha. Mimba changa hunyamaziwa kwa kuogopa husuda, au aibu ya kuitangaza kisha ikaharibika, na kukaa kwenye benchi la kliniki ni kuitangaza kwa majirani wote. Kwa msichana wa shule siri hiyo ilikuwa na uzito mwingine, kwani hadi Novemba 2021, serikali iliporuhusu wanafunzi waliojifungua kurudi masomoni, kujulikana kulimaanisha kufukuzwa.

Baadhi ya vizuizi huwekwa na kituo chenyewe. Wapo waliofika mapema wakaambiwa warudi tumbo likionekana. Wengine hutakiwa kuja na mwenza ili wapimwe VVU pamoja, au, mwenza asipokuwepo, kuleta barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Nia ya kuwashirikisha wanaume ni njema, lakini sharti hilo humwangukia zaidi aliyetelekezwa, ambaye hulazimika kueleza hali yake ofisini kabla hajapimwa hata shinikizo la damu. Mwanamke huyo angestahili kupimwa siku ileile aliyofika, na suala la mwenza lingesubiri.