Yaliyomo Ndani ya Boksi la Juisi

Imekuwa desturi kwetu kwamba mtu aendapo hospitali kumtazama mgonjwa hakosi kuchukua boksi la juisi. Kando ya kitanda utayaona yamepangwa mawili matatu, yenye picha ya maembe yaliyoiva au machungwa yaliyokatwa katikati, na jamaa huondoka na moyo mweupe kwamba wamemletea mgonjwa wao matunda. Kadhalika mzazi ampelekaye mtoto shule humtilia mkobani kiboksi chenye mrija, akaona ametimiza wajibu. Hatuwalaumu watu hawa. Nia yao ni njema, na fedha waliyotoa ni ya jasho lao. Na kwa kuwa ni ya jasho lao, twaona ni haki kuuliza wamenunua nini.

Jambo la kwanza ni jina. Mitaani vinywaji hivi vyote huitwa juisi, lakini kanuni za biashara haziviiti hivyo. Kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya vyakula, vijulikanavyo kwa jina la Codex, ambavyo kuhusu maji ya matunda vilitolewa mwaka 2005, juisi ni ile iliyokamuliwa katika tunda, hata ikiwa ilipunguzwa maji kiwandani na baadaye ikarudishiwa. Ikiongezwa maji na sukari huitwa nekta, nayo hutakiwa iwe na kiasi maalumu cha tunda. Nekta ya chungwa, mathalan, sharti nusu yake iwe juisi ya chungwa. Baada ya hapo kuna vile vinavyouzwa kwa jina la kinywaji cha matunda tu, na hapo ndipo mlango ulipo wazi. Tunda laweza kuwa kidogo mno, na mahali pake pakashikwa na rangi, asidi ya sitriki ya kuleta uchachu, na harufu iliyotengenezwa kiwandani. Picha ya embe, hata hivyo, ni ile ile katika maboksi yote.

Basi mnunuzi atajuaje? Na aligeuze boksi, aache picha, asome maandishi madogo ya ubavuni. Vitu vilivyomo huorodheshwa kwa uzito: kilicho kingi hutangulia, na kilicho kichache hufuata nyuma. Orodha ikianza kwa maji, ikafuata sukari, ndipo lije tunda, basi huyo amenunua maji ya sukari. Tabu ni kwamba maandishi hayo mara nyingi ni ya Kiingereza, tena ni madogo hata mwenye macho mazima hukunja uso. Sisi twasema kwamba kiwanda kiwezacho kupiga chapa embe kwa rangi zake zote hakiwezi kushindwa kuandika maneno "maji" na "sukari" kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka. Si gharama hiyo. Ni kutotaka tu.

Wako watakaotujibu kwamba wao hununua ile halisi, asilimia 100, isiyotiwa sukari. Hao wamefanya vizuri kuliko wenzao, maana juisi halisi ya chungwa ina vitamini C na madini ya potasiamu. Lakini sukari haikosekani kwa sababu haikutiwa na mkono wa mtu. Bilauri moja ya mililita 250 hutaka machungwa kama matatu. Ni nani aketiye akala machungwa matatu kwa dakika moja? Ayanywapo, ameyamaliza. Chungwa moja la kadiri lina gramu 12 hivi za sukari na gramu 3 za nyuzinyuzi. Katika kukamua na kuchuja sukari yote yabaki, na nyuzinyuzi karibu zote hutupwa. Na ni hizo nyuzinyuzi zimshibishazo mlaji na kuizuia sukari isiingie katika damu kwa kishindo. Soda ya kola ina takriban gramu 10 au 11 za sukari katika kila mililita 100. Juisi halisi ya chungwa ina gramu 8 mpaka 10, na ya zabibu huipita soda yenyewe.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliihesabu sukari ya juisi pamoja na sukari ya kijiko, lakini ile iliyomo ndani ya tunda zima haikuhesabiwa. Kwa mtu mzima wa kawaida kipimo cha siku kisizidi gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai, na ikiwa nusu ya hiyo ni bora zaidi. Mwaka 2013 wataalamu waliochunguza afya ya watu zaidi ya 180,000 nchini Marekani walitangaza kwamba walao matunda mazima walipatwa na kisukari kwa uchache, na wanywao juisi kila siku walipatwa nacho kwa wingi zaidi. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka ghafla hupewa nusu bilauri ya juisi ili apandishwe upesi. Sasa fikirini yule ambaye sukari yake imepanda, na kando ya kitanda chake wageni wamemwekea maboksi matatu.

Na sifa nyingine za vitamini zatakiwa zisikilizwe kwa tahadhari. Huko New Zealand, mwaka 2004, wasichana wawili wa shule walipima vitamini C katika vinywaji vya dukani kwa ajili ya somo lao la sayansi. Kimoja kilikuwa Ribena, kilichotangazwa kwamba tunda lake dogo jeusi lina vitamini C mara nne ya chungwa. Wasichana wale waliona kwamba katika kile kinywaji kilicho tayari kunywewa vitamini yenyewe karibu haimo. Mwaka 2007 kampuni ya GlaxoSmithKline ilikiri mashitaka 15 mahakamani mjini Auckland ikatozwa faini ya dola 217,500 za nchi hiyo. Tangazo lilisema kweli juu ya tunda; lakini aliyelipa hakuuziwa tunda.

Kuhusu watoto, madaktari wa watoto wa Marekani walitoa shauri lao mwaka 2017: aliye chini ya mwaka mmoja asipewe juisi, isipokuwa daktari ameagiza, wa mwaka mmoja mpaka mitatu isizidi mililita 120 kwa siku, nao walikuwa wakinena juu ya juisi halisi. Kiboksi cha mrija huwa na mililita 200 au 250. Tena mtoto hakinywi mara moja; hukifyonza kidogo kidogo asubuhi nzima, na meno yake yakaloweka katika sukari na uchachu.

Haya yote twayasema katika nchi ambayo machungwa ya Muheza huuzwa kwa mafungu kando ya barabara, na maembe wakati wa msimu huoza chini ya miti. Pera, ambalo wengi hulidharau kuwa tunda la watoto, ndilo hasa lenye vitamini C mara nne ya chungwa, na bei yake haifikiani na ya boksi. Anayetaka kinywaji, ukwaju na ubuyu vipo. Ila maji yachemshwe kwanza, kwani juisi ya ndoo iliyotengenezwa kwa maji machafu imekwisha kuwaletea watu maradhi ya tumbo, na katika hilo boksi la kiwandani lina ubora wake. Sukari naye mwenye nyumba aitie kwa mkono wake, apate kujua ni vijiko vingapi.