Lubumbashi: Baada ya kukandwa, misuli inahitaji nini?

Kila asubuhi vijana wanaingia Lubumbashi wakisukuma baiskeli zilizojaa magunia ya makala. Wengine wanapakua mizigo sokoni, wengine wanatoka machimboni, na siku ya Mungu mpira unachezwa Katuba na Kenya. Jioni mgongo na miguu vinauma. Mtu anatafuta wa kumkanda, nyumbani kwa mafuta ya mawese ao kwa mkandaji. Kesho yake anarudi kwenye mzigo ule ule, na maumivu yanarudi pia.

Misuli iliyokandwa kwa nguvu inaweza kuuma siku moja ao mbili. Hiyo ni kawaida. Siku hiyo usibebe mzigo mzito wala kukimbia, lakini usilale kutwa nzima: tembea polepole, nyoosha miguu na mgongo bila kulazimisha.

Wengi wanasema kukandwa kunatoa uchafu kwenye misuli, kwa hiyo lazima kunywa maji mengi sana. Si hivyo. Asidi inayotokana na kazi nzito mwili unaiondoa wenyewe, kwa muda wa saa moja hivi. Kunywa maji kufuatana na kiu na jasho lako. Bukari peke yake haitengenezi misuli: ongeza maharagi, ndagala ao yai. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Lubumbashi inapokaza, oga maji ya moto kidogo na uvae nguo nzito.

Dawa kama diclofenac na ibuprofen zisimezwe ovyo kila jioni. Zinaweza kuumiza tumbo na figo, na mama mwenye mimba asizinywe bila kuuliza daktari.

Kuna maumivu yasiyopaswa kukandwa kabisa. Mguu mmoja ukivimba na kuwa moto, kwa mfano baada ya safari ndefu ya basi kutoka Kolwezi, damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa. Kuukanda kunaweza kupeleka lile donge kwenye mapafu, na mtu akafa. Aliyeanguka na pikipiki na hawezi kukanyaga chini, apigwe radio kwanza, kwani mfupa unaweza kuwa umevunjika. Mtoto mwenye anemia SS akilia mifupa, apelekwe hospitalini. Na ukiona mkojo mweusi kama koka, homa, ganzi ao pumzi kukatika, usingoje kesho.

Wachezaji wa TP Mazembe wana watu wa kuangalia misuli yao, na ratiba yenye siku za kupumzika. Msukuma baiskeli hana, na siku bila kazi ni siku bila chakula. Basi achague vizuri siku ya kukandwa: jioni ya posho, ili siku ya Mungu misuli ipumzike. Na siku ya kwanza, kama inawezekana, apunguze gunia moja.