GINSI YA KUPIGA PICHA SIKU YA MVUA

Safari hii tunataka kueleza ginsi ya kupiga picha ya nchi wakati mvua inanyesha. Wengine watasema: "Yaya kapita, mvua ikinyesha mtu anaingia ndani. Foto ni ya siku ya jua." Hata sisi tulisema vile, mpaka picha moja ilipotuletea haya.

Kazi yetu makapita mnaijua. Asubuhi tunasimama mlangoni na daftari, tunaandika waliochelewa. Siku za mvua wengi wao ni wa Alunguli, juu wanavuka Lualaba kwa mtumbwi kabla ya kufika huku Mikelenge. Walituambia: "Mtumbwi haukuondoka, ng'ambo haikuonekana." Hatukuwaamini, nao walikata majani. Mwishoni tulisema: basi, twende tuone, tupige na picha, walimu nao waone. Tulishuka mtoni na simu ya mwenzetu, mvua ikiendelea. Picha ikatoka hivi: juu weupe mtupu, chini giza tupu. Watu wote wa mtumbwini walipotea. Shahidi wetu alikuwa bubu.

Tuliuliza wanaojua, tukasoma, tukarudia mara nyingi. Haya ndiyo tuliyojifunza.

KWANZA: MWANGA. Kamera haijui mto wala mtu. Inapima mwanga unaoingia, kisha inataka picha nzima iwe ya katikati, sawa na rangi ya majivu. Siku ya mvua sisi tunaona mbingu ni hafifu, lakini bado inang'aa kuliko maji, miti na nyuso zetu. Mbingu ikijaa nusu ya picha, kamera inafikiri mwanga ni mwingi, inaupunguza, na nchi inaingia gizani. Kwetu asubuhi ni vibaya zaidi. Ukisimama upande huu na kutazama Alunguli, unatazama mashariki, ambako jua liko nyuma ya mawingu.

Dawa ni tatu:
1. Punguza mbingu. Inamisha kamera kidogo, au panda mahali pa juu, ili maji na udongo vichukue sehemu kubwa.
2. Pima penye watu, si penye mbingu. Kwa simu, gusa kwa kidole mahali walipo watu, kisha ukiona bado ni giza sogeza alama ya jua juu kidogo. Kwa kamera yenye alama za kuongeza na kupunguza, weka +1, maana yake mwanga mara mbili. Usizidishe sana, mawingu yakigeuka weupe mtupu hayarudi tena.
3. Zima flashi. Haifiki mtoni. Inamulika paka matone ya karibu, yanatokea kama madoa meupe.

PILI: MVUA YENYEWE. Mvua mbele ya mbingu nyeupe haionekani. Tafuta kitu cheusi nyuma yake: miti, ukuta, ubavu wa mashua. Kamera ikifunguka kwa 1/60 ya sekunde, matone yanachora mistari. Kwa 1/500 yanasimama kama shanga. Lakini kwa 1/60 mkono ukitetemeka picha inaharibika, basi egemea nguzo na ubane viwiko. Simu nyingi zinachagua kasi zenyewe. Mwenye simu atafute alama za mvua pengine: miduara juu ya maji, maji yanayoshuka kwenye mabati, dimbwi linaloonyesha mwavuli.

TATU: MPANGO. Picha yetu ya kwanza ilitaka kuonyesha vyote, kwa hiyo haikuonyesha kitu. Kabla ya kupiga, jiulize: ninataka kusema neno gani? Gawanya picha kwa fungu tatu. Weka mtumbwi karibu, maji katikati, na ng'ambo juu. Mvua inafifisha vitu vya mbali, na ule ufifi ndio unaomwonyesha mtazamaji ginsi mto ulivyo mpana. Mstari wa maji uwe sawa, usiinamie upande. Acha nafasi mbele ya mtumbwi, ili uonekane unakwenda.

Katika nchi hii yetu tunao mfano mkubwa. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alipiga picha ya baba mmoja, Nsala. Ameketi barazani, anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Jicho la mtazamaji linakwenda moja kwa moja mahali panapopasa. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa katika mikutano ya Ulaya na Marekani, zikasaidia kuamsha watu, na mwaka 1908 mfalme Leopold II alinyang'anywa Kongo. Kama ile picha ingekuwa giza, nani angemsikia Nsala?

NNE: ULINZI. Ingiza simu katika sashe, toboa tundu kwa jicho la kamera tu. Beba kitambaa kikavu, juu tone moja kwenye kioo linaharibu picha nzima. Radi ikipiga, acha kazi: usisimame ufukoni wala chini ya mti. Na mtu aliyelowa usimpige picha kabla ya kumwomba ruhusa.

Tulirudi mtoni asubuhi nyingine ya mvua. Safari hii tulipima penye watu, tukaacha mbingu kidogo tu. Walionekana wenzetu sita, vitabu ndani ya sashe vichwani, mwenye mtumbwi akiwa ameketi na kasia magotini, anangoja. Ng'ambo haikuonekana kabisa, kama walivyosema. Tuliipeleka kwa walimu, wakaitazama kwa muda mrefu. Tangu siku ile, mvua ikinyesha, kapita mmoja anakwenda kutazama mto kabla ya daftari kufunguliwa.

Stensili haichapi picha vizuri, kwa hiyo tumezibandika zote mbili kwenye ubao wa matangazo, ya giza na ya pili. Mzilinganishe. Na ninyi wa Alunguli tuliowaandika bure, tunaomba mtusamehe.