Likizo si daftari: mchezo wenye kanuni humfunza mtoto Kiswahili

MPWA wangu wa Gredi ya 3 alitutembelea mwanzoni mwa likizo ya Agosti akiwa na daftari lake la Kiswahili. Ndani mlikuwa na zoezi la ngeli ya KI-VI: kijiko – vijiko, kisu – visu, kikombe – vikombe. Alikuwa amepata tisa juu ya kumi. Jioni hiyo nikamtuma jikoni alete vijiko. Akarudi mbio.

“Anko, nimepata kijiko mbili tu. Zingine ziko wapi?”

Tisa juu ya kumi daftarini, sufuri jikoni! Mamake alipoambiwa, wazo la kwanza lilikuwa kumpeleka tuisheni. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku masomo ya ziada wakati wa likizo. Isitoshe, tuisheni ingemwongezea kile alichokuwa nacho tele, yaani mazoezi ya kujaza mapengo. Alichokosa ni sababu ya kuitumia ngeli hiyo mdomoni.

Mchezo humpa sababu hiyo, ila si kila mchezo. Kupaka rangi picha ya kijiko ni raha, lakini mtoto anaweza kuimaliza bila kutamka neno hata moja. Mchezo humfunza lugha pale ambapo hawezi kuucheza bila lugha yenyewe. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky (1896–1934) alieleza kwamba hakuna mchezo usio na kanuni, hata ule wa kuigiza. Mtoto anayejifanya mama hutenda jinsi mama anavyotenda, na huitii kanuni hiyo kwa hiari kwa sababu ndiyo inayoleta utamu. Upatanisho wa kisarufi nao ni kanuni. Tuuingize basi ndani ya mchezo. Hii hapa michezo minne isiyohitaji hela.

Wa kwanza ni duka. Panga vitu vya nyumbani juu ya mkeka: vijiko, vikombe, mayai, chupa tupu, ndizi. Majani ya mti yawe pesa. Mnunuzi ataje kitu na idadi: “Nipe vijiko viwili”, “Nipe mayai matatu”, “Nipe chupa nne.” Hapa kuna siri ambayo wazazi wengi hawaioni. Idadi zinazochukua kiambishi cha ngeli ni moja, mbili, tatu, nne, tano na nane. Sita, saba na tisa, tulizozikopa kutoka Kiarabu, hazibadiliki. Kumi pia vilevile. Mtoto akinunua vijiko sita na mayai sita, upatanisho wa idadi hautajitokeza. Kwa hiyo wekeni sharti: hakuna anayeuziwa zaidi ya vitu vitano vya aina moja.

Wa pili ni kuficha na kuuliza. Ficha chungwa, kisha umpe mtoto nafasi tano za kuuliza lilipo. “Limo kabatini?” “Halimo.” “Lipo mezani?” “Halipo.” “Liko nje?” “Haliko.” Bila kutajiwa jina la ngeli yoyote, anazoea kwamba -mo ni ya ndani, -po ni ya mahali mahsusi, na -ko ni ya mahali pasipo dhahiri. Kesho ficha kiatu, na swali litageuka lenyewe: kimo, kipo, kiko.

Wa tatu ni vitendawili, lakini mtoto awe mtunzi. Watoto wengi hukariri vile vya vitabuni na majibu yake, mchezo ukaisha. Mwambie achague kitu anachokiona kisha akifiche kwa maneno. Mpwa wangu aliketi karibu na jiko, akanitegea: “Namlisha kuni, ananipa chai.” Nilijifanya nimeshindwa, nikaambiwa nitoe mji. Nikampa Kisumu. Ili kutunga sentensi hiyo fupi, ilimbidi achunguze jiko linafanya nini, achague vitenzi viwili na kuvipatanisha na nafsi.

Wa nne ni vitanza ndimi. Watoto wanaochanganya sauti /r/ na /l/ huchekwa darasani, nao wakaamua kunyamaza. Katika mchezo huu kila mtu huteleza, hata baba, kwa hiyo kicheko hakimlengi mmoja. Jaribuni hiki nilichokitunga: “Lori la Lari lilirudi Ruiru likiwa limelowa.” Anzeni polepole, kisha mwongeze kasi kila mzunguko.

Kuna mtego mmoja wa kuepuka. Mtoto akisema “nipe kijiko mbili”, usimkatize kwa “Hapana! Sema vizuri!” Ukifanya hivyo, duka limefungwa na darasa limerudi. Mjibu kama muuzaji: “Vijiko viwili? Hivi hapa, karibu tena.” Amesikia umbo sahihi wakati ule ule anapolihitaji, na mchezo unaendelea. Pia achia mchezo angali anautaka. Dakika ishirini za hamu hushinda saa mbili za kulazimishwa.

Kwa mwalimu, haya hayapingani na Mtaala wa Umilisi, ambao umeiweka stadi ya kusikiliza na kuzungumza bega kwa bega na kusoma na kuandika. Tatizo ni kwamba kuandika huacha alama nyekundu za kumwonyesha mzazi, ilhali kuzungumza hakuachi kitu daftarini. Ndiyo maana mtoto hupongezwa kwa ngeli asizoweza kuzitumia.

Siku moja kabla ya mpwa wangu kurudi kwao, nilienda dukani kwake mkekani nikaomba vijiko vitatu. Akanitazama kwa ile sura ya wenye maduka.

“Vijiko vimeisha, anko. Vimebaki vikombe viwili tu. Na hizi ni za mama.”

Alikuwa ameteleza mwishoni. “Hivi ni vya mama?” nikamuuliza. “Ee, vya mama,” akajibu, na kuvisogeza mbali nami.