Ramadhani Imekwisha, Naogopa Mirungi Itanirudia



Kila inapoingia Mfunguo Mosi, hapa Same na vijijini milimani husikika neno moja. Kijana, dereva, hata baba wa familia aliyeacha mirungi mwezi mzima wa Ramadhani anasema: "Naogopa. Siku zote hizi nitazipoteza kwa alasiri moja." Wengine hawangoji hata hiyo alasiri. Idd Pili wako kijiweni, kwa hoja kwamba watarudi tu, basi heri warudi mapema. Kwa maoni yangu hofu hii inawarudisha wengi kuliko hamu ya majani yenyewe.

Sheria mnaijua. Hapa Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2015, hata kama jirani zetu wa Kenya wanaiuza sokoni. Nitasema la mwilini. Jani bichi lina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo hupungua nguvu jani linaponyauka. Ndiyo sababu mirungi hufungwa kwenye majani ya mgomba na kukimbizwa barabarani. Kathinoni huusukuma ubongo umwage kwa wingi dopamini, kemikali inayoleta raha na ari. Moyo hudunda mbio, presha hupanda, njaa na usingizi hukimbia. Shirika la Afya Duniani liliihesabu mirungi mwaka 1980 kuwa kilevi kinachoweza kumfanya mtu awe tegemezi, zaidi kinafsi.

Sasa anayeacha, siku za mwanzo ubongo wake bado haujazoea kufanya kazi bila msukumo ule. Anasinzia mchana, anakuwa mzito, ana hasira za karibu, usiku anaota ndoto mbaya. Hapo ndipo anaposema, "Tangu niache nimekuwa mbaya zaidi." La, ndugu yangu. Huo ni mwili unaodai usingizi uliodhulumiwa. Kwa wengi hali hii hupungua katika siku chache, ingawa hamu huweza kuibuka tena baada ya muda mrefu.

Na alichokichuma mwezi ule hakimo katika hesabu ya siku peke yake. Usingizi umerudi, anakula chakula akashiba, choo kigumu kimelainika, kinywa kimepumzika na zile bigijii na soda za kuondolea uchungu, fedha ya alasiri imefika nyumbani. Kuteleza mara moja kunaleta madhara ya siku hiyo, wala sikuruhusu. Lakini hakufuti mwezi. Sisi watu wa milimani tunazo ndiva. Ukingo ukibomoka, maji hupotea, nao watu huitwa msaragambo wakauziba siku ileile. Sijasikia kijiji kilichobomoa ndiva nzima kwa sababu ya ufa mmoja.

Dini nayo haikumwacha muumini na khofu tupu. Wanazuoni wanafundisha khofu na matarajio viende pamoja, kwani khofu ikibaki peke yake humpeleka mtu kwenye kukata tamaa na rehema ya Allah (s.w.), na hilo limekatazwa. Rejea Suratuz-Zumar, aya ya 53.

Hata hivyo hofu hiyo haikutoka hewani. Ramadhani ilikushika kwa ratiba: mchana umefunga, jioni futari, usiku tarawehe, alfajiri daku, na kijiwe chenyewe kimetawanyika. Siku ya Idd vyote hivyo huondoka kwa pamoja. Kilichopotea ni ratiba, basi tengeneza nyingine. Sita za Mfunguo Mosi zipo, Jumatatu na Alhamisi zipo, na hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) juu ya amali ndogo inayodumu mnaijua. Zaidi ya yote ilinde saa ya baada ya swala ya Alasiri, maana ndiyo saa ya gomba. Iwe na kazi maalumu. Usipite njia ya kijiweni, usitembee na fedha ya ziada, na awepo mtu mmoja anayejua kuwa umeacha. Dereva wa usiku, dawa ya usingizi barabarani ni kuegesha gari ulale.

Ukiteleza, tema, tupa kilichobaki, kunywa maji, kula, piga mswaki, tubu, kisha lala. Usimeze vidonge vya usingizi au kunywa pombe ili "kushusha". Hapo umefungua mlango wa pili. Kesho yake usianze kuhesabu moja. Hesabu siku safi za mwezi mzima: ishirini na tisa kati ya thelathini.

Mama na wake zetu, neno "tulijua utarudi" lina uzito kuliko mnavyodhani. Mwekeeni chakula, mwacheni alale, mazungumzo yawe asubuhi.

Ila akikaa siku kadhaa bila usingizi, akisikia sauti wasizozisikia wengine, akishuku kila mtu, akibanwa na kifua au akizungumzia kujiua, msimpeleke kwanza kwa mganga. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mseme wazi ametumia nini. Yanayosemwa ndani ya chumba cha daktari ni siri ya mgonjwa.