Mawe ya Milima ya Upare na Suala la "Kabla ya Historia"

1.0 Utangulizi

Anayepanda milima ya Upare, kutoka Same kuelekea kilele cha Shengena chenye kimo cha meta 2,462, au kutoka Mwanga kuelekea Usangi na Ugweno, hukutana na mawe yaliyopangwa kwa mkono wa binadamu. Wengi huyapita bila kuyatambua. Makala haya yanaeleza jinsi mabaki hayo yanavyosomwa, na kwa nini istilahi "kabla ya historia" hayafai kupewa yote.

2.0 Ushahidi wa Ardhini

Ukale wa makazi haya si wa kubahatisha. Mwaka 1967 Robert Soper alichapisha uchunguzi wake kuhusu Zama za Chuma kaskazini mashariki ya Tanzania. Vigae vya aina ya Kwale kutoka Bombo Kaburi, Upare Kusini, ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Mwaka 1971 Knut Odner naye alitoa matokeo ya uchimbaji wa Usangi.

Hata hivyo, duara la mawe peke yake halitaji umri wala kazi yake. Kule Engaruka, baadhi ya maduara yamefasiriwa kuwa mazizi ya ng'ombe ya wakulima wa umwagiliaji, wala si mahali pa ibada. Vivyo hivyo, ukuta wa mawe Upare waweza kuwa ukingo wa ndiva, yaani bwawa linalokusanya maji usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Waweza pia kuwa kinga ya udongo mlimani.

3.0 Ushahidi wa Kumbukumbu

Katika kitabu chake cha mwaka 1969, Isaria Kimambo alitumia masimulizi ya koo kueleza utawala wa Washana, wahunzi wa Ugweno, na jinsi Wasuya walivyowapindua. Kwa hiyo, mavi ya chuma yanayookotwa shambani huko huenda yana wenyewe wanaoweza kutajwa kwa jina la ukoo. Kuyaita ya "kabla ya historia" kwa sababu tu hayakuandikwa ni kuifuta kumbukumbu ya waliohai.

4.0 Hitimisho

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilizingatia hasa vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Lakini sheria hailindi jina. Jiwe likihamishwa hupoteza mahali pake. Mzee akifariki bila kuulizwa, jiwe hupoteza maana yake. Mtafiti hana budi kuuliza kwanza, ndipo apime.