Mabingwa wa Dunia Walio Ndani ya Seli

Somo la molekuli kubwa za uhai lina sifa mbaya mashuleni. Mwanafunzi huchora jedwali la safu nne, kabohaidreti, protini, lipidi na asidi nukleiki, akajaza vijenzi vya kila moja, akataja mfano mmojammoja na kukariri hadi siku ya mtihani. Mtihani ukipita, kinachobaki ni majina. Ushauri wangu kwa mwalimu ni kuanza na mabingwa: iliyo ndefu kuliko zote, iliyo na kasi kuliko zote, iliyo kongwe kuliko zote. Vijana wanaojua nani kafunga mabao mangapi na nani kakimbia marathoni kwa muda gani hawahitaji kubembelezwa wasikilize habari za rekodi. Sharti ni moja tu: bingwa yeyote asitajwe bila kuulizwa ni kitu gani katika umbo lake kilichompa ubingwa.

Tuanze na urefu. Insulini ni mnyonge hapa, ina asidi amino 51 tu, na hata hivyo Frederick Sanger wa Cambridge alihitaji miaka kama kumi kusoma mpangilio wake, kazi aliyoikamilisha mwaka 1955. Sasa linganisha na titini, protini ya misuli yetu: asidi amino zaidi ya 34,000 katika mnyororo mmoja, na urefu unaopita mikromita moja, jambo lisilo la kawaida kabisa kwa molekuli moja. Mnyororo huo umekunjwa vifundo zaidi ya mia mbili vilivyofuatana, na kati yake kuna sehemu zinazonyumbuka. Msuli ukivutwa, titini hutanuka. Ukiachiwa, huurudisha mahali pake. Moyo unaujua umuhimu wake, kwani jeni ya titini ikikatika njiani misuli ya moyo inaweza kulegea na kutanuka kupita kiasi. Kwa miaka mingi vitabu vimeiandika kuwa protini kubwa kuliko zote zinazojulikana. Mwaka 2024 ilivuliwa taji. Watafiti waliokuwa wakichunguza Prymnesium parvum, mwani wa seli moja unaoua samaki kwa sumu yake, walikuta protini yenye asidi amino 45,212, wakaiita PKZILLA-1. Ni kiwanda kizima cha kutengenezea sumu hiyo, vimeng'enya zaidi ya mia moja vilivyounganishwa kwenye mnyororo mmoja, kila kimoja kikiwa na hatua yake ya kazi. Kama kitabu chenu bado kinaitaja titini, wanafunzi wasahihishe wenyewe kwa kalamu.

Mmoja wa mabingwa wa kasi yumo katika damu ya kila aliyekaa darasani. Kaboniki anhidresi, kimeng'enya kilichomo ndani ya seli nyekundu, hushughulikia hadi molekuli milioni moja za kabonidayoksaidi kwa sekunde. Ndani ya shimo lake imeshikwa atomu moja ya zinki, na zinki hiyo ndiyo inayoiandaa molekuli ya maji ipambane na kabonidayoksaidi bila kuchelewa. Kasi hiyo ina sababu. Damu hupita kwenye kapilari za mapafu kwa muda usiotimia sekunde moja, na kabonidayoksaidi inayotakiwa kutoka lazima iwahi hapohapo.

Karibu na mkiani yuko rubisko, kimeng'enya cha majani kinachonasa kabonidayoksaidi ili mmea utengeneze sukari. Chenyewe hunasa molekuli takriban tatu tu kwa sekunde, na mara nyingi hukosea kikashika oksijeni. Mmea hufidia udhaifu huo kwa wingi: katika jani la mpunga au la ngano, rubisko inaweza kufikia nusu ya protini zote zinazoyeyuka majini. Hivyo kimeng'enya hiki cha polepole kimepata rekodi ya aina nyingine, ya kuwa miongoni mwa protini zilizo nyingi kuliko zote duniani, na karibu kila mlo wetu umepitia mikononi mwake.

Ila kuhesabu matukio kwa sekunde hakutoshi. Swali zito zaidi ni je, bila kimeng'enya ingekuwaje? Mwaka 1995 Anna Radzicka na Richard Wolfenden wa Chuo Kikuu cha North Carolina walipima hatua moja katika utengenezaji wa herufi za RNA. Bila kimeng'enya, nusu tu ya molekuli kubadilika kungechukua miaka milioni 78. Kimeng'enya kikiwepo, kila moja humalizwa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Sijui hoja nyingine inayoeleza vizuri kiasi hiki kwa nini hakuna uhai bila protini.

Kwa wingi wa polima za uhai, hakuna anayeishinda selulosi, na hapa mwalimu asiwe na haraka. Chukua kipande cha muhogo mbichi na kipande cha pamba safi, uvidondoshee matone mawili mawili ya iodini. Muhogo unageuka bluu inayokaribia nyeusi mbele ya macho. Pamba inabaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe. Kisha liambie darasa kwamba wanga wa muhogo na selulosi ya pamba vyote vimejengwa kwa glukosi tupu, uwaache wabishane. Wakichoka, chora. Katika wanga kila glukosi imeungana na mwenzake ikiwa imelala upande uleule, kwa hiyo mnyororo hujisokota na iodini hupata nafasi ya kuingia katikati ya msokoto. Ndiyo rangi waliyoiona. Katika selulosi kila glukosi ya pili imepinduliwa. Mnyororo hunyooka, na minyororo mingi hulala sambamba ikishikana kwa vifungo vya hidrojeni kama kuni zilizofungwa mzigo. Iodini haina pa kuingia. Vimeng'enya vya tumbo letu navyo havina pa kushika. Hata ng'ombe hawezi kuvunja selulosi kwa nguvu zake, hufanyiwa kazi hiyo na vijidudu vilivyo tumboni mwake. Tofauti ya ugali na shati la pamba, basi, ni mwelekeo wa kifungo kimoja, na mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho halisahau.

Kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko zote katika mwili wa mamalia, itajwe kwa nyuzi zake tatu zilizosukwa pamoja na kwa vitamini C inayohitajika ili nyuzi hizo zishikane. Mabaharia wa zamani walivuja damu kwenye ufizi kwa kuikosa. Lipidi hazimo katika mashindano ya urefu kwa kuwa si minyororo ya vijenzi vinavyojirudia. Rekodi yake ni ya akiba: gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya wanga 4.

Kwenye DNA, Ziwa Victoria lina mwakilishi. Kamongo, samaki mwenye mapafu anayeweza kujizika kwenye tope maji yakikauka, ana jenomu iliyokadiriwa katika vipimo vya miaka ya 1970 kuwa jozi za herufi karibu bilioni 130. Binadamu ana bilioni 3 na kidogo. Wape wanafunzi kazi ya hesabu: jozi moja huchukua nanomita 0.34 za urefu, na kila seli ina nakala mbili za jenomu. Binadamu atapata mita mbili hivi kwa seli, kamongo zaidi ya mita 80. Anayemzidi ni Tmesipteris oblanceolata, mmea mdogo wa jamii ya kangaga kutoka New Caledonia, uliotangazwa mwaka 2024 kuwa na jozi bilioni 160. Lazima atatokea wa kuuliza kama kamongo basi ana akili kutuzidi. Ni swali zuri, lijibiwe kwa uzito: sehemu kubwa ya DNA hiyo ni vipande vinavyojinakili na kujirudia tena na tena, havina maelekezo ya kutengeneza protini.

Ukongwe ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu baadhi ya rekodi zake zimefukuliwa kwetu. DNA huvunjika upesi ikikutana na maji na joto. Iliyo kongwe kuliko zote iliyosomwa, ya miaka milioni mbili, ilipatikana mwaka 2022 katika udongo uliogandishwa wa Greenland. Ilidhaniwa kwamba Afrika yenye joto haiwezi kutunza kitu. Mwaka 2016 Beatrice Demarchi na wenzake wakaonyesha mabaki ya protini katika maganda ya mayai ya mbuni kutoka Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, yenye miaka milioni 3.8. Sababu ilikuwa umbo tena: kipande kilichosalia kina asidi amino nyingi zenye chaji hasi, nacho kilikuwa kimeng'ang'ania uso wa madini ya kalisi ya ganda, kikakingwa dhidi ya maji. Mwaka 2025 zikafuata protini za enameli ya meno, za miaka hadi milioni 18 kutoka bonde la Turkana nchini Kenya na za zaidi ya milioni 20 kutoka jino la kifaru wa kale wa kaskazini mwa Kanada. Mwalimu wa Arusha au Lodwar anaweza kufundisha kemia ya protini kwa kuonyesha kidole dirishani.

Rekodi ya mwisho ni ya badiliko dogo kuliko yote lenye athari kubwa. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146. Ya sita, asidi glutamiki, ikibadilishwa na valini, unapatikana ugonjwa wa selimundu. Vernon Ingram aligundua badiliko hilo la asidi amino miaka ya 1950; chanzo chake ni herufi moja tu ya DNA. Asidi glutamiki ina chaji na hupenda maji. Valini huyakimbia, ikajibanza kwenye himoglobini ya jirani. Oksijeni ikipungua, molekuli hushikana zikawa nyuzi ndefu na seli nyekundu hupinda. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa utafiti wa Afrika Mashariki kwamba aliyerithi nakala moja tu hukingwa dhidi ya malaria kali, na ndiyo maana jeni hiyo imeenea sana kuzunguka Ziwa Victoria. Mwalimu wa huko afundishe akijua kwamba huenda mmoja wa wanaomsikiliza ameamka na maumivu ya mifupa. Amweleze na habari ya mtoto mchanga mwenye selimundu: miezi ya kwanza haugui, kwa kuwa bado anatumia himoglobini ya tumboni, ambayo mnyororo wake wa gama hauingii katika nyuzi zile. Dawa ya haidroksiurea huusaidia mwili kuitengeneza tena himoglobini hiyohiyo.